Kidole cha mvuvi na mashine ya kutambua watu

Anayetaka kuuzia sacco au maduka ya simu mashine za kusoma alama za vidole, ili mtu asikope wala kusajili laini kwa kitambulisho cha mwenzake, soko analo. Wizi huo upo, na mara nyingi mwenye jina hujua siku anapodaiwa.

Mashine hutazama pale mistari ya kidole inapokatika na kugawanyika, ikaigeuza tarakimu, kisha ikalinganisha na zilizosajiliwa. Hapo ndipo mpango wa biashara ulioandikwa ofisini hukwama. Mvuvi anayevuta nyavu, mchonga mawe ya matumbawe, mama anayesuka makuti, wengi wao mistari imelika. Ukiikaza mashine, wenye haki wanakataliwa. Ukiilegeza, mwizi anapita. Basi bajeti iwe na njia ya pili ya kumtambua mtu, la sivyo mzee wa watu atanyimwa akiba yake mwenyewe.

Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayohesabu alama za mwili kuwa data nyeti. Worldcoin iliyajua makali yake: Agosti 2023 serikali iliisimamisha baada ya watu kupanga foleni kupigwa picha za mboni, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe.

Nenosiri likiibwa hubadilishwa, kidole je? Kwa hivyo mnunuzi akiuliza data zitakaa wapi na ufunguo atashika nani, jibu liwepo kabla ya kutaja bei.