Mlo Wenye Mafuta na Safari ya Dawa Mwilini

Aghalabu watu hudhani kwamba kidonge kikishamezwa huanza kazi papo hapo, na kwamba kisipofanya kazi upesi basi ni dhaifu. Dhana hiyo yaweza kuleta madhara makubwa, kama inavyodhihirika katika sildenafili, dawa ya upungufu wa nguvu za kiume iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998.

Dawa hii hufyonzwa hasa katika utumbo mwembamba, wala si katika mfuko wa tumbo. Kwa hiyo upesi wake hutegemea upesi wa tumbo kujimwaga. Mafuta yafikapo utumboni, mwili hutoa homoni zinazolipunguzia tumbo mwendo, ili mafuta hayo yapate kumeng'enywa barabara. Kidonge nacho hukawia pamoja na chakula.

Mtu akimeza sildenafili tumbo likiwa tupu, kiwango chake katika damu hufikia kilele baada ya dakika 30 hadi 120. Akiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kilele hicho huchelewa kwa muda wa saa 1 hivi, tena hupungua kwa asilimia 29. Tadalafili, ambayo ni dawa ya jamii hiyo hiyo, haiathiriwi na chakula.

Hatari iko hapa: mtumiaji asiyeona matokeo huongeza kidonge cha pili, kumbe cha kwanza kingali njiani. Vyote viwili vikiingia katika damu, mishipa yaweza kutanuka kupita kiasi na shinikizo la damu likashuka. Ndiyo maana dawa hii haimezwi zaidi ya mara 1 kwa siku. Na kwa mgonjwa wa moyo atumiaye dawa za naitreti, hata kidonge kimoja chaweza kumwua.

Hata hivyo, mafuta si adui wa kila dawa. Lumefantrini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, haiyeyuki vizuri katika maji. Mlo wenye mafuta mengi waweza kuongeza ufyonzwaji wake hadi mara 16. Mgonjwa anayeimeza bila chakula chochote huenda asipone sawasawa.

Basi maneno "kabla ya kula" na "baada ya kula" si mazoea tu ya mfamasia. Yametokana na vipimo vya damu, na hapana budi kuyafuata.