Udhaifu wa Viungo Baada ya Ajali

Mwezi wa Oktoba 1885, katika jiji la Paris, kijana mmoja aligongwa na gari la farasi, na baadaye akashika kwa yakini kwamba magurudumu yalimpitia juu ya miguu, ilhali hayakuigusa. Hata hivyo miguu hiyo ikapooza. Jean-Martin Charcot, tabibu mashuhuri wa hospitali ya Salpêtrière, alihukumu kuwa kilichomlemaza ni dhana iliyojikita akilini wakati wa hofu kuu, wala si jeraha la uti wa mgongo.

Maradhi haya yangalipo, nayo huwapata wanaume kwa wanawake, pengine hata baada ya kuteguka kifundo tu. Maumivu na hofu humfanya mtu akilinde kiungo chake na kukifikiria kila atakapo kukitumia. Na kwa kuwa mwendo wa kawaida huendeshwa na ubongo pasipo kusimamiwa na fikra, kadiri azidivyo kuusimamia ndivyo uzidivyo kumkatalia. Misiba na dhuluma za zamani huweza kuutilia nguvu udhaifu huo, lakini si kila mgonjwa anazo, na tabibu anayeshurutisha ziwepo humwonea.

Mwaka wa 1908 Mmarekani Charles Franklin Hoover alieleza kipimo cha kuutambua udhaifu huu, kisichohitaji chombo ila kiganja cha mkono. Mgonjwa hulala chali, tabibu akatia kiganja chini ya kisigino cha mguu dhaifu na kumwamuru akikandamize, naye asiweze. Kisha humwamuru auinue ule mguu mzima huku akizuiwa, na mara kisigino kilichoshindwa kikagandamiza kiganja kwa nguvu kamili, bila mwenyewe kukusudia. Ishara hiyo peke yake haitoshi kukata shauri, na ni wajibu mishipa ya fahamu ichunguzwe pia, kwani maradhi mawili huweza kukaa katika mwili mmoja.

Naona ni dhuluma kubwa kuitumia ishara hii kumfedhehesha mgonjwa, kwa maana asiyeweza kuuamuru mguu wake hajifanyi. Heri aonyeshwe mwenyewe, kwa upole, kwamba njia itokayo ubongoni hadi mguuni ni nzima. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo amtembeze kinyumenyume, au kwa kufuata mdundo, au huku akimzungumzisha, ili nadhari yake iondoke mguuni na mwendo upate kurudi wenyewe.