Ujira wa Dalali Uandikwe

Kiwanja kimeuzwa, fedha zimekwisha hesabiwa, ndipo ugomvi huanza: dalali adai fungu lake, muuzaji akana, na dalali wa pili atokea akisema yeye ndiye aliyemleta mnunuzi. Mambo hayo si mageni kwetu, iwe Ng'ambo ya Tabora au mji mwingine.

Ujira wa dalali si haramu. Imamu Bukhari aliuwekea mlango katika Sahihi yake, akawataja Ibn Sirin na Ata miongoni mwa wasioona ubaya ndani yake. Ubaya umo katika kutopatana mapema.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, walakini ahadi ya dalali mara nyingi huachwa mdomoni. Sheria ya Mikataba nayo yasema kwamba, pasipo mapatano mengine, wakala hastahili malipo mpaka kazi yake itimie. Je, kazi ilikuwa kuonyesha kiwanja, au kukamilisha mauzo? Hapo jirani huapa dhidi ya jirani. Asilimia 10 ya shilingi 5,000,000 ni shilingi 500,000. Si fedha ya kuachia "tutaonana".

Basi enyi vijana madalali, nanyi wazazi mnaouza urithi, andikeni kwanza: kiasi gani, nani atalipa, na lini. Dalali asifiche bei ya kweli, wala asipokee pande mbili kwa siri.

Kurani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yatuagiza kuandika deni la muda. Karatasi moja na mashahidi wawili huhifadhi mali, na huhifadhi undugu pia. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.