Maumivu Sugu ya Mgongo na Nafasi ya Tiba ya Mazoezi

Maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Kufikia muda huo, majeraha mengi ya kawaida ya misuli na kano huwa yamekwisha kupona, na kwa hiyo maumivu yanayobaki huhitaji maelezo mengine na tiba nyingine. Hapa ndipo wagonjwa wengi, na hata baadhi ya watoa huduma, hupotea njia: huendelea kutibu jeraha ambalo halipo tena. Mfano ulio wazi zaidi ni maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, ambayo watu wengi huyaita maumivu ya kiuno. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliishi nayo, na inakadiriwa kuwa watafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050.

Mfumo wa fahamu unaweza kulinganishwa na mlinzi wa usiku. Nyumba ikishavamiwa mara moja, mlinzi hupuliza filimbi hata paka anapopita. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha, kwa majaribio ya wanyama, kwamba baada ya jeraha neva zilizo ndani ya uti wa mgongo zinaweza kubadilika zikawa nyepesi kuamka, hata mguso mdogo ukazishtua. Hofu, kukosa usingizi na msongo wa mawazo huongeza wepesi huo. Hili halina maana kwamba mgonjwa anajisingizia. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Kilichobadilika ni kwamba ukubwa wa maumivu hauonyeshi tena ukubwa wa madhara katika tishu.

Picha za mgongo nazo zinaweza kupotosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa watu wengi, basi, mabadiliko hayo ni kama mvi: huja na umri. Mgonjwa anapoambiwa kwamba "pingili zimesagika", hubeba maneno hayo hadi nyumbani, huacha kuinama, huacha kubeba mtoto, na mgongo wake hudhoofika kwa kutotumiwa. Maneno ya mtoa huduma ni sehemu ya tiba, na yanaweza pia kuwa sehemu ya ugonjwa.

Kulala kitandani kwa muda mrefu hakusaidii. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1986 uliwalinganisha wagonjwa wa maumivu ya kiuno walioshauriwa kupumzika kitandani siku mbili na walioshauriwa siku saba. Wale wa siku mbili walikosa kazi siku chache zaidi, na hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao.

Mtaalamu wa fiziotherapia huanza kwa kumsikiliza na kumpima mgonjwa: anaogopa mwendo gani, kazi gani imemshinda, analala vipi. Baada ya hapo hupanga mazoezi. Hakuna zoezi moja lililo bora kwa wote. Lililo bora ni lile ambalo mgonjwa ataweza kulifanya wiki baada ya wiki. Jambo gumu zaidi kufundisha si zoezi lenyewe, bali kipimo chake. Wagonjwa wengi huishi kwa kupanda na kushuka: siku ya nafuu hulima shamba lote, kisha hulala siku tatu. Kila mzunguko wa namna hiyo huzidi kumfundisha mlinzi wetu kwamba kazi ni hatari.

Tuseme mkulima hupalilia kwa dakika 20 kabla ya maumivu kupanda. Huanzishiwa dakika 15, kisha hubadili mkao au kazi: husimama, hutembea kidogo, hukusanya majani, ndipo arudi kwenye jembe. Hupumzika kwa kufuata saa, wala hasubiri maumivu yamwamuru. Hufanya hivyo siku za nafuu na siku za taabu, na kila wiki huongeza dakika moja au mbili. Maumivu yakiongezeka kidogo siku inayofuata, huko si kuharibika kwa mgongo. Hurudi kwenye kipimo cha wiki iliyotangulia, si kitandani. Mafanikio nayo hupimwa kwa kazi kabla ya maumivu, kwa kuwa mara nyingi uwezo hurudi kwanza na maumivu hufuata polepole.

Asiye na mtaalamu karibu anaweza kuanza kwa kutembea. Utafiti wa Australia wa mwaka 2024 uliwahusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno siku za karibuni. Waliopewa elimu na mpango wa kutembea hatua kwa hatua, lengo likiwa dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa kwa wastani wa siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa mpango huo walikaa siku 112.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza elimu, mazoezi na msaada wa kisaikolojia, na unakubali ukandaji wa misuli. Haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvuta mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni. Dawa kama diklofenaki zinaweza kusaidia kwa muda, lakini kuzinunua dukani na kuzimeza kwa miezi mingi huhatarisha tumbo na figo.

Wapo wagonjwa ambao hawapaswi kuanza mazoezi kabla ya kuchunguzwa. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito au uvimbe kwenye pingili huweza kuwa dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibika kwa dawa lakini kikicheleweshwa huleta kibyongo au kupooza. Aliyewahi kuugua saratani, na mzee aliyeanguka, nao wachunguzwe kwanza. Anayepata ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au kushindwa kutoa au kuzuia mkojo au choo, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.