Bei ya Hofu: Hesabu ya Kongo Ikisomwa Kutoka Tabora

Kati ya mwaka 1960 na 1968, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia dola 11,702,000 kwa operesheni za siri nchini Kongo. Takwimu hii haikutungwa na mahasimu wa Marekani. Ilitoka katika juzuu la nyaraka za kidiplomasia lililotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo mwaka 2013. Operesheni ya siri, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kazi ambayo serikali huilipia lakini haikiri kuwa ni yake: kuhonga wanasiasa, kuendesha ndege, kulipa wapiganaji.

Tuigeuze kwanza iwe shilingi. Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi 7.14, kwa hiyo jumla inafika kama shilingi milioni 83.6. Mpango wa maendeleo wa Tanganyika wa 1961 hadi 1964 ulikuwa wa pauni milioni 24, sawa na shilingi milioni 480. Fedha zile za siri zingelipia asilimia 17.4 ya mpango huo, yaani zaidi ya shilingi moja katika kila sita zilizopangiwa nchi nzima, kuanzia Tanga hadi Ziba mkoani Tabora.

Ukihamia Washington, tarakimu ileile inanywea. Kabla ya vita vya Korea bajeti ya ulinzi ya Marekani ilikuwa kama dola bilioni 13 kwa mwaka. Kufikia 1953 ilikuwa imevuka bilioni 50. Bilioni hizo 50 zilikuwa za mwaka mmoja. Matumizi ya siri ya Kongo kwa miaka yote tisa hayafiki asilimia 0.03 yake. Tofauti hii inaeleza mengi kuliko hotuba za wakati ule. Tangu China iangukie mikononi mwa wakomunisti wa Mao mwaka 1949, wanasiasa wa Marekani walishambuliana kwa tuhuma ya "kuipoteza" nchi hiyo, na Seneta Joseph McCarthy akajijengea jina kwa kuwasaka wakomunisti serikalini. Ofisa aliyetumia milioni chache bila sababu ya msingi hakuwa na kubwa la kuogopa. Aliyelaumiwa kwa kupoteza nchi aliweza kupoteza kazi.

Na tishio lenyewe lilikuwa na ukubwa gani? Agosti 1960 mkuu wa kituo cha CIA mjini Léopoldville (sasa Kinshasa), Lawrence Devlin, aliwaandikia wakubwa wake kwamba wakomunisti wanaitwaa Kongo. Mwezi huohuo mkurugenzi wa shirika, Allen Dulles, aliidhinisha hadi dola 100,000 ili waziri mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, aondolewe madarakani. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Wakuba wanaotajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba hofu ilikuwa ya haki hawakuwa wamefika bado. Kamanda wao, Che Guevara, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965, miaka minne na miezi mitatu baadaye.

Kikosi chake kilikuwa na Wakuba kama 120. Mtu anaweza kugawa milioni 83.6 kwa 120 akapata karibu shilingi 697,000 kwa kila Mkuba, halafu akaandika kichwa cha habari. Hesabu hiyo haina maana. Wakuba walikaa Kongo miezi saba tu, na sehemu ya fedha ilikwisha kutumika kabla hawajatia mguu. Linalosimama ni mfuatano wa tarehe: idhini ya 1960, mauaji ya 1961, Wakuba 1965. Walikuja kuwasaidia watu waliojiita warithi wa Lumumba, na silaha za waasi hao zilipitia Tanzania hadi Kigoma, upande uleule ambao misafara ya zamani ilishika kutoka Tabora kwenda Ujiji. Ziwani walikutana na boti za CIA, na juu na ndege zilizorushwa na Wakuba wengine, wale waliomkimbia mtawala wa Cuba, Fidel Castro. Novemba 1965 Che aliondoka, na mwenyewe akakiri kwamba wameshindwa.

Turudi kwenye zile dola milioni 11.7, maana zina matundu mawili. La kwanza ni umri wa fedha. Wachambuzi wameandika kwamba operesheni hiyo iligharimu kati ya dola milioni 90 na 150 kwa thamani ya karne hii. Bei za Marekani zilipanda karibu mara nane katika nusu karne, kwa hiyo ile milioni 90 ni milioni 11.7 ileile iliyovishwa bei mpya. Tukichukua shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni shilingi bilioni 225. La pili ni vitu vilivyoachwa nje: ndege na silaha zilizotolewa na wizara ya ulinzi hazimo.

Jeshi la Umoja wa Mataifa nalo halimo. Kati ya 1960 na 1964 lilitumia kama dola milioni 400 Kongo, na lilipofikia kilele lilikuwa na askari karibu 20,000. Marekani ilibeba zaidi ya theluthi ya gharama, sawa na dola milioni 133 au zaidi, mara 11 ya fungu la siri. Si haki kuiandika yote kwenye daftari la hofu ya ukomunisti, kwa kuwa askari hao walikuwa pia na kazi ya kumaliza uasi wa jimbo la Katanga. Lakini kuiandika sifuri ni kosa kubwa zaidi.

Kisha kuna malipo ya walioishi na matokeo. Mkuu wa jeshi la Kongo, Joseph Mobutu, aliyeungwa mkono na CIA, alishika nchi Novemba 1965 na kuiachia Mei 1997, na katika muda huo Marekani ilimpa misaada ya zaidi ya dola bilioni moja. Julai 2010 Kongo ilisamehewa madeni ya dola bilioni 12.3, ambayo kwa sehemu kubwa chanzo chake ni utawala huo. Siwezi kudai kwamba kila dola ya deni ilitokana na CIA. Mobutu alikuwa na mikono yake. Tabora nayo ilipata sehemu yake: katikati ya miaka ya 1960 wakimbizi wa Kikongo walipewa makazi Pangale, kusini mwa mji. Ardhi waliyolima na visima walivyochota maji havimo katika safu yoyote ya tarakimu hizi.

Kwa hiyo ukikuta imeandikwa kwamba Kongo "iliokolewa" kwa dola milioni 11.7, uliza kwanza ni daftari la nani limehesabiwa.