Kompyuta ya Kikundi Imekuwa Nzito? Ongezeni Memori kwa Uangalifu

Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta ya mezani, mara nyingi ya mtumba, ya kuweka hesabu za michango na mikopo. Baada ya muda mashine inakuwa nzito. Mweka hazina anafungua hesabu, anaenda kuchemsha chai, akirudi anakuta bado inazunguka tu. Wanachama wanaanza kusema inunuliwe nyingine. Ngojeni kwanza! Pengine inahitaji memori tu.

MEMORI NI NINI?

Fikirini ofisi yenu. Diski ya kompyuta ni kama kabati. Vitabu vyote hulala humo. Memori ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, karani huinuka kila mara kurudisha kitabu kimoja kabatini ndipo atoe kingine. Ndiyo sababu kazi inachelewa. Na stima ikipotea, kilichokuwa mezani bila kuhifadhiwa kabatini kimeenda.

PIMENI KABLA YA KUTOA PESA

Fungueni programu mnazotumia kila siku. Kisha bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kwenye Windows itatokea Task Manager. Tazameni palipoandikwa Memory. Ikiwa mashine inakwama wakati memori imefika asilimia 90 hivi, basi meza ni ndogo. Lakini ikiwa ni asilimia 40 na bado ni nzito, msinunue memori. Huenda diski imechoka, au kuna virusi, au vumbi limejaa ndani.

KUCHAGUA

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Kikundi chetu kilitoa pesa kwa mfuko, tukaenda dukani na kusema tu, "Tunataka memori ya GB 4." Tulipofika nyumbani ikakataa kuingia. Kumbe mashine yetu ni ya DDR3 na tulipewa DDR4. Muuzaji naye akakataa kuirudisha. Basi jifunzeni kwetu:

1. Aina. DDR3 ilitoka mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014 na DDR5 mwaka 2020. Haziingiliani, kwa sababu pengo lililo kwenye ukingo wa kila aina liko mahali tofauti.

2. Urefu. Memori ya kompyuta ya mezani ina urefu wa sentimita 13 hivi. Ya laptopu ni kama nusu yake.

3. Memori za seva. Hizi huuzwa bei ya chini na zinafanana na zingine, lakini kompyuta za kawaida hazizikubali. Someni karatasi iliyobandikwa: herufi R baada ya namba, kwa mfano PC3-12800R, ni ya seva. Ya kawaida huwa na U.

4. Kiasi. Windows 11 inataka GB 4 kwa uchache, lakini kwa hesabu, barua na intaneti afadhali GB 8. Ikiwa Windows yenu ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata mkiongeza.

Njia ya hakika ni kutoa memori ya zamani na kwenda nayo dukani. Ombeni iandikwe kwenye risiti kwamba ikikataa itabadilishwa. Rahisi ni ghali!

KUWEKA

Kwanza, nakilini hesabu zote kwenye flashi. Halafu:

1. Zimeni mashine na mtoe plagi ukutani. Bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

2. Fungueni ubavu wa mashine. Gusa chuma cha ndani kwanza, kwa maana umeme mdogo wa mwilini, ambao wewe hata huusikii, unaweza kuua memori.

3. Fungua vibanio vya nafasi iliyo wazi. Shika memori kwa kingo, usiguse meno ya dhahabu.

4. Linganisha pengo na kizuizi, kisha sukuma pande zote mbili sawasawa mpaka ilie "ta!" na vibanio vijifunge. Ikigoma, usitumie nguvu, igeuze.

5. Rudisheni plagi na muwashe. Mashine ikipiga kelele au kioo kikibaki cheusi, zimeni, toeni plagi tena, itoeni memori, msugue meno yake polepole kwa raba ya shule, mpanguse unga wake, na muirudishe.

Ikiwaka, tazameni tena Task Manager mhakikishe kiasi kimeongezeka.

NENO LA MWISHO

Memori ni kitu kidogo. Hutoshea mfukoni na huuzika haraka. Andikeni katika kitabu cha mali ya kikundi ni vipande vingapi, na vya GB ngapi. Fundi akija, mwanachama mmoja akae naye mpaka amalize, kisha mhesabu pamoja. Hivyo mali ya kikundi itabaki salama, na fundi mwaminifu naye hatashukiwa bure.