Reli ya Kilimarondo: Somo la Kupanga na Kutandika Njia

Kilimarondo ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Haijapata kuwa na reli. Lakini mji wa Nachingwea wenyewe ulikuwa nayo. Treni zilianza kufika hapo mwaka 1949. Mwaka 1962 huduma zilikoma, na baadaye reli zikang'olewa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao treni ilifika alikuwa na umri wa miaka 13 tu ilipoondoka.

Mahali pamoja hapakupata reli. Mahali pengine pa jirani paliipata na kuipoteza. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa msingi wa zoezi zuri la sayansi kwa shule ya sekondari. Zoezi lenyewe ni kupanga tawi la reli la kufikirika kutoka Nachingwea hadi Kilimarondo, kwanza katika ramani, kisha kwa kutandika kipande chake katika kiwanja cha shule kwa kipimo kidogo. Kazi hiyo inahitaji hisabati, fizikia, jiografia na ufundi wa mikono. Mwishoni inahitaji pia historia, kwa sababu ambayo itaonekana.

Kuchagua kipimo

Jambo la kwanza ni kuamua mfano utakuwa mdogo mara ngapi kuliko kitu halisi. Katika nchi za Ulaya wapenda reli ndogo hutumia sana kipimo cha 1:87. Kwa kipimo hicho, njia yenye upana wa milimeta 1,435, kama ile ya reli ya kisasa inayotoka Dar es Salaam, huwa na upana wa milimeta 16.5. Njia ya TAZARA, ambayo upana wake ni milimeta 1,067, ingekuwa na upana wa milimeta 12 na ushei. Reli za namna hiyo hununuliwa madukani huko, nazo ni ghali.

Kwa shule, kipimo cha 1:20 kinafaa zaidi. Njia iliyofika Nachingwea ilikuwa ya upana wa meta moja, sawa na Reli ya Kati ya zamani. Meta moja ikigawanywa kwa 20 ni sentimeta 5 kamili. Upana huo unaweza kupimwa kwa rula ya kawaida, na vifaa vinaweza kutengenezwa kwa mbao. Kilometa moja ya njia halisi itakuwa meta 50, yaani karibu nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira.

Kutafuta njia katika ramani

Kabla ya kukata ubao wowote, wanafunzi watafute ramani ya kipimo cha 1:50,000 yenye mistari ya kontua. Nchi ya Nachingwea kwa sehemu kubwa ni tambarare inayoinuka na kushuka taratibu, na hapa na pale hutokeza vilima vya mawe. Kuna vijito ambavyo hukauka wakati wa kiangazi na kujaa wakati wa mvua, ambazo huko kusini hunyesha katika msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili.

Barabara inaweza kupanda kilima kwa ukali, lakini reli haiwezi. Sababu yake ni ya kifizikia. Katika njia iliyo sawa, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupata ukinzani mdogo sana: kilo chache tu za nguvu ya kuvuta hutosha kuendesha mzigo wa tani moja kwa mwendo wa polepole. Lakini njia ikipanda meta 1 kwa kila meta 100, uzito wenyewe wa treni huongeza ukinzani wa kilo 10 kwa kila tani. Kwa hiyo mwinuko ambao macho hayauoni huweza kuhitaji nguvu mara tatu au zaidi ya ile ya tambarare. Hapo injini hulazimika kupunguziwa mabehewa.

Mpimaji ana hila rahisi ya kukwepa tatizo hilo. Tuseme mwinuko mkali kuliko yote unaoruhusiwa ni 1 kwa 100, na kontua za ramani zimepishana kwa meta 20. Basi njia haiwezi kutoka kontua moja hadi nyingine bila kusafiri meta 2,000, ambazo katika ramani hiyo ni sentimeta 4. Mwanafunzi afungue bikari kwa sentimeta 4, aweke ncha moja penye kontua ya kwanza, na atafute mahali ncha ya pili inapogusa kontua inayofuata. Akiendelea hivyo, bikari yenyewe itamwongoza kuzunguka vilima. Akimaliza, aifuate njia yake kwa uzi na kuipima. Atagundua kwamba njia ya reli ni ndefu kuliko mstari ulionyooka, na kwamba urefu huo wa ziada ndio bei ya kuepuka mwinuko.

Kuchora kona

Kona nayo ina sheria zake. Kona ya reli hupimwa kwa nusukipenyo cha duara ambalo kona hiyo ni sehemu yake. Nusukipenyo cha meta 200 katika njia halisi kitakuwa meta 10 katika mfano wa 1:20. Wanafunzi wapigilie mambo katikati ya kiwanja, wafunge kamba ya meta 10, na wachore kona kwa kijiti kama vile bikari kubwa. Kiwanja kikiwa kidogo, meta 5 zitatosha, ila mabehewa yawe mafupi.

Hapa mwalimu ana nafasi ya kufundisha jambo ambalo mara nyingi hupita bila kuonwa. Treni halisi inayokwenda kilometa 40 kwa saa katika kona ya meta 200 husukumwa kuelekea nje, na ili kuisaidia reli ya nje huinuliwa. Kwa njia ya upana wa meta moja, hesabu huonyesha kwamba mwinuko unaohitajika ni kama sentimeta 6. Katika mfano, hizo ni milimeta 3 tu. Lakini je, mfano unazihitaji? Mwendo wa treni ndogo ukipunguzwa mara 20, mraba wake hupungua mara 400, ilhali nusukipenyo kimepungua mara 20 tu. Basi msukumo wa kwenda nje, kwa kila kilo ya treni, umekuwa mdogo mara 20. Treni ndogo ikianguka katika kona, aghalabu kosa si mwendo, bali ni reli zilizoungwa vibaya au behewa lililo refu mno. Ndiyo kusema kwamba kitu kikipunguzwa ukubwa, si sheria zote za maumbile zinazopungua kwa kiasi kilekile.

Kutandika

Njia ya reli ni kama nyumba: nguvu yake imo katika msingi. Tuta lichongwe kwa udongo ulioshindiliwa, lipimwe kwa pimamaji, na kila mahali kijito kinapovuka pawekwe kalvati. Kipande cha bomba au mwanzi kitafaa. Juu ya tuta zimwagwe kokoto ndogo. Kazi ya kokoto ni kugawanya uzito wa treni, kuzuia njia isihame, na kupitisha maji haraka. Wanafunzi wanaweza kuthibitisha jambo hilo kwa kutandika meta mbili za njia juu ya kokoto na meta mbili juu ya udongo mtupu, kisha kumwagilia ndoo kadhaa za maji kila siku kwa muda wa juma moja. Tofauti itaonekana bila darubini.

Juu ya kokoto hulazwa mataruma, yaani vile vipande vinavyokingama chini ya reli. Kwa mfano huu yawe vijiti vya mraba vyenye urefu wa sentimeta 10, vikipishana kwa sentimeta 3 hadi 4. Reli ziwe fito nyembamba za mti mgumu zilizolainishwa kwa msasa. Kwanza ipigiliwe reli moja kwa misumari midogo. Ya pili iwekwe kwa kutumia kigezo, yaani kipande cha ubao kilichokatwa kwa upana wa sentimeta 5 kamili, ambacho husogezwa katikati ya reli mbili kila baada ya taruma chache. Fundi asiyetumia kigezo hujidanganya kwa milimeta moja hapa na moja pale, na treni humkumbusha. Katika maungio ya reli iachwe nafasi ndogo. Katika njia halisi za namna hii nafasi hiyo huachwa kwa sababu chuma hutanuka kwa joto. Katika mfano huu mbao zitatanuka kwa unyevu.

Siri ya gurudumu

Katika robo ya duara, reli ya nje huizidi ile ya ndani kwa karibu sentimeta 8, iwapo njia ina upana wa sentimeta 5. La kushangaza ni kwamba ziada hiyo haitegemei nusukipenyo: kona iwe kubwa au ndogo, jibu ni lilelile. Sasa, magurudumu mawili ya treni yameshikamana na ekseli moja, nayo huzunguka sawasawa. Gurudumu la nje linawezaje kusafiri mbali zaidi?

Jibu limo katika umbo lake. Uso wa gurudumu la treni umechongwa kama pia: ni mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje. Treni ikiingia katika kona, ekseli husogea kidogo kuelekea nje. Basi gurudumu la nje hukanyaga kwa sehemu yake nene, na la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Ukingo wa gurudumu ni mlinzi wa dharura tu.

Jaribio lake ni rahisi. Vikombe viwili vya plastiki viungwe mdomo kwa mdomo na vibingirishwe juu ya fito mbili zenye mteremko: vitayumba kidogo na kujirudisha katikati. Vikiungwa kitako kwa kitako, vitaanguka mara moja. Magurudumu ya mfano yakatwe kutoka mti mgumu, kama vile mninga au masalia ya mpingo, na yalainishwe kwa umbo hilo. Ekseli iwe spoku ya baiskeli, nayo igandishwe imara katika magurudumu yote mawili.

Swali la mwisho

Njia ikiisha kutandikwa na behewa likapita bila kuanguka, wanafunzi watafurahi, na ni haki yao. Lakini kazi haijaisha. Imebaki hesabu moja ambayo haionekani katika kiwanja: je, treni itabeba nini?

Reli ya Nachingwea haikushindwa kwa sababu ya kona wala mwinuko. Ilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ambao Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Ulikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, na maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa Nachingwea ilihitajika reli na bandari. Lakini ardhi, mvua na mashine havikutimiza yaliyoandikwa katika makaratasi. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, hasara ikiwa yapata pauni milioni 36. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya karanga zilizotarajiwa kupita hapo kuwa ndoto. Njia ilikuwapo, injini zilikuwapo; mzigo haukuwapo wa kutosha.

Kwa hiyo kila kundi la wanafunzi lifanye hesabu ya Kilimarondo. Waulize wazee na viongozi wa vyama vya ushirika: korosho ni tani ngapi kwa mwaka, ufuta ngapi, mbaazi ngapi, na katika miezi gani? Mathalani, wakikuta tani 3,000 kwa mwaka, na treni moja ikibeba tani 300, basi treni kumi zitamaliza kazi yote. Siku zilizobaki za mwaka, reli zitalala zikingoja, ilhali mataruma yanaoza, kokoto zinahama na watunzaji wanadai mishahara. Malori kumi ya tani 30 hufanya kazi ya treni moja, na msimu ukiisha huenda kutafuta mzigo kwingine. Reli haiwezi kuhama.

Hesabu hiyo hubadilika mzigo ukibadilika. Wilaya jirani ya Ruangwa ina madini ya kinywe. Na kwa miaka mingi pamekuwa na mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, wenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Madini hayangoji msimu. Wanafunzi waweke tani hizo katika hesabu zao na waone jibu linageuka wapi.

Mwalimu atakapotoa alama, asiangalie tu ni kundi gani lililotandika njia iliyonyooka. Kundi litakalothibitisha kwa takwimu kwamba tawi la Kilimarondo lisijengwe sasa limefanya kazi ya kisayansi sawasawa na kundi litakalothibitisha kwamba lijengwe. Mwaka 1947 walikuwapo wahandisi wa kutosha wa kuujibu ujenzi wa njia. Waliopungua ni watu wa kukaa na kalamu, kabla ya taruma la kwanza kulazwa, na kuhesabu magunia.